Risasi ya Kulungu na Swali la Mama

Ukiishi Kentucky, utaujua msimu wa kulungu hata kama huwindi. Msimu wa bunduki za kisasa hufunguliwa Jumamosi ya pili ya Novemba, na juma zima kabla yake, ghalani ninapofanya kazi, hakuna habari nyingine. Nani kamwona dume wapi, nani kapewa ruhusa kwenye shamba la nani na, zaidi ya yote, nani anatumia risasi gani. Ukiwasikia wanavyobishana, utadhani ni mashabiki wa Simba na Yanga.

Kulungu ninayemsema ni yule wa mkia mweupe, si kulungu wa misitu ya kwetu. Wengine kanisani humwita ayala, kwa jina la kwenye Biblia. Mmoja tu huijaza friza, na nyumbani kwetu tuko saba. Kwa hiyo mzee mmoja wa zamu yetu, mwenye shamba nje ya Lexington, aliponikaribisha kuwinda kwake, nilikubali bila kufikiri sana.

Kazi ilikuwa kumweleza mama. Sisi ni watu wa Fizi, na tumekaa Nyarugusu, Kigoma, kwa miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Kwa mama, mlio wa bunduki si mchezo wala burudani. Nilitegemea akatae. Alinyamaza mpaka nikadhani hakusikia, kisha akauliza: "Huyo mnyama atakufa mara moja, au ataenda kuteseka porini?"

Mama amewaona watu waliopigwa risasi wakakaa siku mbili kabla ya kukata roho. Sikuwa na jibu la kumpa. Nikaanza kuuliza, na nikagundua kwamba dukani na kazini kila mtu alinieleza habari za nguvu na umbali, na hakuna aliyeanza na swali la mama.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Tunasema "risasi" kwa kitu kizima, lakini ndani yake mna sehemu nne: ganda, fataki ya kuwashia iliyo kwenye kitako chake, baruti, na kichwa, yaani kile kinachoruka na kuingia kwa mnyama. Namba za jina mara nyingi hueleza upana wa kichwa kwa sehemu za inchi. Ile ya .243 ina kichwa cha karibu milimita 6.2, ile ya.308, karibu milimita 7.8. Uzito wa kichwa hupimwa kwa greni, na greni 100 ni kama gramu 6.5.

Katika maeneo yetu utasikia majina machache yakirudiwa. Kuna .30-30, ya tangu 1895, inayopendwa na wazee wanaowinda ndani ya msitu mnene. Kuna .30-06, iliyokuwa risasi ya jeshi la Marekani. Hiyo 06 ni mwaka 1906. Kuna .308, iliyoingia madukani 1952. Kisha kuna .243 ya 1955 na 7mm-08 ya 1980, ambazo zote mbili zimetokana na ganda la .308 lililobanwa shingo ili libebe kichwa chembamba zaidi. Ukiziweka mezani pamoja utaona ni ndugu wa tumbo moja.

Yoyote kati ya hizo inamuua kulungu. Ndiyo maana mabishano hayaishi.

Mzee wangu hakutaka nichague kwa maneno. Alinipeleka kwenye uwanja wa kulenga shabaha akiwa na bunduki tatu: yake ya .30-06, ya kijana wake ya .308, na ya mkewe ya .243. Tulibandika karatasi umbali wa yadi mia, yaani kama mita 91, nikapiga risasi tano kwa kila bunduki. Karatasi haibembelezi mtu. Matundu ya .30-06 yalitapakaa upana wa sahani ya ugali. Bunduki ile husukuma bega kwa nguvu, na kuanzia risasi ya tatu jicho langu lilikuwa likifumba kabla ya mlio. Ya .308 ilikuwa afadhali. Ya .243 matundu yote matano yangefunikwa na kisosi cha kikombe cha chai.

Hapo ndipo jibu la mama lilipoanza kuonekana. Moyo na mapafu ya kulungu, nyuma kidogo ya mguu wa mbele, ni eneo la kama sentimeta 20. Risasi ikipita hapo, mnyama huanguka palepale au hukimbia kidogo akalala. Ikipita tumboni au mguuni, hata risasi kubwa kiasi gani haitamwondolea mateso. Kwa hiyo risasi inayoua haraka ni ile unayoweza kuiweka mahali pake bila kuiogopa bunduki yako mwenyewe.

Lakini .243 nayo ina mpaka wake. Kichwa chake ni chepesi. Mnyama akisimama vibaya, amekuelekezea bega au mgongo, hakina akiba kubwa ya kupenya mfupa kama ile ya .308. Mzee alinipa sharti, na nimelishika: mnyama awe amesimama ubavu, asiwe mbali zaidi ya hatua mia. Pasipo hayo, aende zake.

Nilidhani mjadala umekwisha. Kumbe mke wangu alikuwa na swali lake.

Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Watoto wetu walipofika Marekani walipimwa damu kuona kama ina madini ya risasi, na tulielezwa habari za rangi za nyumba za zamani, zile za kabla ya 1978, zinavyoharibu ubongo wa mtoto. Akaniuliza: "Si risasi ni risasi? Ile waliyotuambia mtoto asiiguse, ndiyo unataka tuile?"

Kiswahili chenyewe kilimpa hoja. Neno letu limetoka Kiarabu, na huko pia jina la madini na jina la kinachotoka bundukini ni moja. Vichwa vingi vya risasi za kuwindia bado vina madini hayo ndani, yamevikwa koti la shaba. Kikigonga kwa kasi hupasuka, na chembe nyingine ni ndogo mno hata jino halizihisi, lakini kwenye picha za eksirei huonekana zimesambaa mbali na tundu. Mwaka 2008 idara ya afya ya jimbo la North Dakota iliwashauri wajawazito na watoto wa chini ya miaka sita wasile nyama ya kulungu aliyepigwa kwa risasi za namna hiyo. California imepiga marufuku kabisa kuwinda kwa risasi zenye madini hayo tangu tarehe 1 Julai 2019.

Njia nyingine ni kichwa cha shaba tupu. Hiki hufunguka kama ua na kwa kawaida hubaki karibu kizima. Bei yake ni kubwa zaidi, na kinahitaji kasi ili kifunguke vizuri. Kasi ndiyo sifa ya .243. Nikanunua bunduki ya .243 na boksi la risasi 20 zenye kichwa cha shaba cha greni 80, nikarudi uwanjani kuzipima upya, maana bunduki ikipenda risasi ya aina moja si lazima ipende nyingine. Zile za bei nafuu za mazoezi, zilizofunikwa koti la chuma mpaka kwenye ncha, haziruhusiwi kwa kulungu hapa Kentucky: hupenya bila kufunguka na kumwacha mnyama na jeraha jembamba.

Bunduki inalala ndani ya kabati la chuma. Risasi zina kisanduku chake, chumba kingine, na ufunguo wake anao mama. Hilo lilikuwa sharti lake, na mpaka leo ninamwomba ufunguo kama mtoto anayeomba hela ya andazi.

Jumapili ya pili ya msimu, kabla jua halijapanda, alitoka jike peke yake kwenye ukingo wa shamba, hatua kama sitini, amesimama ubavu. Alikwenda hatua thelathini hivi akalala. Nilihakikisha amekata roho, nikasajili windo kwa simu kama sheria inavyotaka, kisha nikampigia mama. Aliuliza jambo lile lile. Nikamwambia. Akasema, "Basi lete mapema, sombe liko jikoni."

Kwa msomaji anayefikiria kujaribu, aanze na sheria kabla ya duka. Hapa Kentucky aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye lazima apite mafunzo ya uwindaji, na mavazi ya rangi ya chungwa kichwani, kifuani na mgongoni ni ya lazima. Wanafunzi, sikilizeni vizuri: sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki au kushika bunduki, hata risasi moja mfukoni, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Asiye na karatasi amekatazwa kabisa. Ongea na mwanasheria wa uhamiaji kwanza. Kosa hapo linaweza kukugharimu makazi yako. Walio Uingereza wanahitaji cheti cha polisi, na kwa kulungu wengi England na Wales kipenyo kisipungue .240, ndiyo maana .243 inajulikana sana huko.

Ukishavuka hayo, omba kujaribu bunduki za wenzako kabla ya kununua yako. Kisha rudi nyumbani uwaulize watakaoila hiyo nyama.