Kumbukumbu au Mbio: Kadi Moja kwa Sauti za Mangobo

Anayetaka kununua kadi ya michoro huulizwa kwanza: inakimbia namna gani? Kwetu sisi tunaosoma lugha, naona swali hilo ni la pili. La kwanza ni: inabeba kiasi gani? Mwaka huu nimelazimika kuyajibu yote mawili, kwa fedha zilizochangwa na familia nzima, na fedha hizo zilitosha kadi moja tu.

Nieleze kwanza jambo lenyewe, kwa kuwa wengi katika kitivo chetu hudhani kadi ya michoro ni kitu cha wacheza michezo. Programu inayosikiliza sauti na kuiandika ni jedwali kubwa la namba. Ili ifanye kazi vizuri, namba hizo zinapaswa kukaa zote ndani ya kumbukumbu ya kadi. Viini vya kadi ndivyo vinavyozidisha na kujumlisha. Viini vikiwa vingi, kazi inakwisha mapema. Kumbukumbu ikiwa ndogo, kazi haianzi. Wagenya wanaotega samaki kwenye maporomoko yetu wanalijua hilo bila kompyuta: maji yawe na kasi ya namna gani, samaki mpana kuliko mdomo wa mtego haingii.

Kadi nilizopimanisha ni mbili za NVIDIA, zote za kizazi kimoja. RTX 3060 Ti ina viini 4,864 na kumbukumbu ya gigabaiti 8. RTX 3060 ina viini 3,584 tu, lakini kumbukumbu yake ni gigabaiti 12. Ya kwanza hula hadi wati 200, ya pili wati 170. Kwa hiyo ndugu mwenye jina kubwa ana mbio zaidi, na ndugu mdogo ana tumbo pana zaidi. Anayenunua asome vizuri maandishi ya kwenye boksi, maana baadaye ilitoka RTX 3060 nyingine yenye gigabaiti 8, kwa jina lilelile.

Kazi yangu ya kumaliza masomo inahusu namna watu wanavyovuka kutoka Kiswahili kwenda Lingala na Kifaransa katika sentensi moja. Nina saa 38 za sauti: mama wauzaji wa Mangobo, na vijana waendesha toleka. Kuandika saa moja kwa mkono hunichukua siku nzima, na siku nyingine haitoshi. Nilishauriwa kukodi mashine ya mbali kwa intaneti. Lakini mama hao walikubali kurekodiwa kwa sharti moja: sauti zao zisitoke nje ya mikono yangu. Mmoja aliniambia, «Mwanangu, madeni yangu yamo humo.» Hata kama ningekuwa na fedha za kununua mega za kutosha, neno hilo lingebaki palepale. Mashine ilipaswa kuwa yangu, chumbani mwangu.

Programu niliyoichagua ni Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022. Ina ukubwa mbalimbali. Watengenezaji wenyewe wanaonyesha kwamba mfumo mdogo unahitaji kumbukumbu ya gigabaiti 2 hivi, wa kati 5, na mkubwa 10. Mtu anayeandika Kiingereza anaweza kuridhika na ule mdogo, kwa sababu kati ya saa 680,000 za sauti zilizoufundisha mfumo huo, karibu theluthi mbili ni Kiingereza. Sauti za Kiswahili zilizoandikwa kwa Kiswahili hazikufika hata saa 10. Pale data inapokuwa chache namna hiyo, mfumo mkubwa ndio unaopunguza makosa kwa kiasi kinachoonekana. Maana yake ni nzito: lugha iliyoandikwa kidogo humdai mwanafunzi wake mashine kubwa kuliko lugha iliyoandikwa sana. Anayetoka London angepona na gigabaiti 4. Mimi wa Kisangani nahitaji 12.

Yaya yangu, ambaye alitoa fungu kubwa la mchango, hakukubali upesi. «Mdogo wangu,» alisema, «umeme tunaupata masaa manne, siku nyingine mawili. Utafanya nini na kadi inayotembea wakati wengine wanakimbia?» Hoja yake ni ya kweli. Mahali umeme unapokatika, mbio si anasa. Ni kumaliza kabla ya giza. Nilimjibu kwamba kazi yangu inaweza kukatwa vipande: faili moja la dakika 10, kisha jingine, na kila lililokwisha linahifadhiwa. Umeme ukikatika napoteza kipande kimoja. Kumbukumbu isipotosha, sina kipande cha kukatia. Kuhusu wati, hesabu ilimfurahisha: kadi ya polepole haisumbui betri na kibadilishi cha umeme kama ile nyingine.

Haki inadai niseme pia upande wa pili. Zipo njia za kubana namba za mfumo, kutoka biti 16 hadi biti 8, na hapo mfumo mkubwa huingia hata katika gigabaiti 8. Mwenye kadi hiyo tayari asiitupe. Tena, gigabaiti 12 hazitoshi kila kitu. Kuufundisha upya mfumo mkubwa wote kwa njia ya kawaida kunazidi gigabaiti 20, kwa kuwa kila namba huja na namba nyingine za kumbukumbu ya mafunzo. Katika kadi yangu naweza tu kufundisha sehemu ndogo inayoongezwa juu ya mfumo. Na kama kazi yako ni kukata filamu fupi au kuchora, huenda viini vingi vikakufaa kuliko nafasi.

Nilichukua ile yenye gigabaiti 12. Sasa, umeme ukiwepo, inaandika saa moja ya sauti huku mimi nikisoma kitabu. Mahali mama anapoanza kwa Kiswahili, akakataa kwa Lingala, kisha akataja bei kwa Kifaransa, mashine hubabaika na kuandika upuuzi. Hapo nasimamisha, nasikiliza, nasahihisha kwa mkono. Mabadiliko hayo ya lugha ndiyo niliyokuwa nikiyatafuta tangu mwanzo, na kadi imenionyesha mahali pa kusimama. Saa zilizobaki ni 21. Nyingine zote nimeshaziandika, na hakuna sauti hata moja iliyotoka chumbani.