Kule Wanabadilisha Kona

Ukitaka kuangalia mbio za dunia za pikipiki ukiwa Igunga, unahitaji vitu vitatu: shilingi mia tano, mwenye kibanda umiza anayekuelewa, na mechi kubwa isiyoanza kabla ya jioni. Wikiendi ya tarehe 2 na 3 Septemba 2023 tulivipata vyote. Kwenye ubao wa nje waliandika kwa chaki: ARSENAL NA MAN U, JUMAPILI SAA 12:30 JIONI. Chini yake, kwa herufi ndogo, mtu akaongeza: pikipiki mchana.

Nilikuwa nyumbani likizo. Ndani ya kibanda tulikuwa kama ishirini, karibu wote madereva wa bodaboda wa kijiwe cha kaka yangu, pale kando ya barabara kuu yanakopita malori ya Rwanda, Burundi na Kongo usiku na mchana.

Kwa wasioujua mchezo huu: wikiendi ya MotoGP ni siku tatu. Ijumaa ni mazoezi. Jumamosi wanagombea nafasi za kuanzia, kisha wanakimbia mbio fupi, ambazo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanzishwa mwaka ule. Jumapili ni mbio zenyewe. Pikipiki ya kaka ina cc 125. Zile zina cc 1000, na Juni ya mwaka huo huo Brad Binder wa Afrika Kusini alikuwa amefikisha kilomita 366.1 kwa saa kule Mugello, Italia. Safari hii walikuwa Barcelona, Hispania.

Kijiwe kizima kilimchagua Binder. "Mwafrika mwenzetu huyo!" Alipoonyeshwa sura, mmoja akauliza, "Mbona mzungu?" Akajibiwa, "Ni mzungu wa kwetu. Kaa chini."

Kiukweli, raha yangu ya Jumamosi ilikuwa kuwatazama wao wakitazama. Mimi niliona rangi na kelele. Wao waliona mikono. "Cheki, anakamata breki ya mbele kwa vidole tu!" Kijiweni breki ya mbele inaogopwa, maana kwenye vumbi na changarawe ukiivamia unalala chini. Jamaa wa kwenye runinga waliitegemea hiyo hiyo kila kona. Ubishi uliendelea hadi Aleix Espargaró akawa ameshashinda mbio fupi na hakuna aliyemshangilia.

Jumapili mzunguko wa kwanza haukuisha. Kona ya kwanza pikipiki kadhaa zikagongana, watu wakatawanyika. Kona iliyofuata Francesco Bagnaia, bingwa wa dunia aliyekuwa anaongoza, akarushwa juu na kuangukia katikati ya njia. Nyuma yake akaja Binder, mzungu wetu, hana pa kukwepea. Pikipiki ikampitia miguuni.

Kibanda kikawa kimya. Kaka akasimama.

Mwaka 2021 kaka alianguka kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Ziba, kwenye kona iliyofichwa na vichaka, ng'ombe walipokatiza. Mwendo wake haukufika hata hamsini. Alilala pale hadi gari la pamba lilipopita likampakia juu ya marobota. Mguu ulivunjika mara mbili. Alikaa nyumbani miezi mitano, na siku ya tatu tu mwenye pikipiki alishaikabidhi kwa kijana mwingine, kwa sababu hesabu ya siku haisubiri mfupa uunge.

Kule Barcelona bendera nyekundu zilipepea, mbio zikasimamishwa, madaktari wakawa pale pale. Usiku taarifa ikatoka: Bagnaia hakuvunjika mfupa hata mmoja. Wiki iliyofuata alikuwa wa tatu kwenye mbio za Misano, na mwisho wa msimu akatwaa tena ubingwa wa dunia.

"Ana mganga mkali yule," mmoja akasema kijiweni, tukacheka.

Kaka hakucheka. "Siyo mganga. Pale hakuna jiwe, hakuna nguzo, hakuna ng'ombe. Wamekubaliana mapema kwamba mtu ataanguka."

Sentensi hiyo nilirudi nayo chuoni, nikaanza kusoma. Nikakuta kwamba tangu 2018 kila dereva wa mbio hizo analazimika kuvaa suti yenye mfuko wa hewa unaojaa kabla mwili haujagusa chini. Mzunguko wa kwanza gari la daktari linawafuata nyuma. Changarawe inayowaangusha wa kwetu, kule imemwagwa makusudi nje ya kona ili imshike aliyeteleza.

Nikakuta pia jina la Luis Salom. Alifariki kwenye uwanja huo huo wa Barcelona, Ijumaa ya tarehe 3 Juni 2016, kwenye mazoezi. Jumamosi wenzake waliendelea, lakini kwa njia iliyobadilishwa: ile kona iliyomuua haikupitwa tena wikiendi ile. Kwa hiyo si kwamba kule hawafi. Akifa mtu, wanabadilisha kona.

Sisi tunabadilisha dereva. Na si jambo jipya. Unyamwezi ilibeba mizigo ya wengine hadi Bagamoyo enzi za misafara. Mpagazi akishindwa njiani, mzigo ulihamia bega jingine na safari ikaendelea. Leo tunasema "bodaboda hawa hawajali maisha yao," kisha tunapanda mishikaki watu watatu na kumwambia aongeze mwendo. Ndiyo, wapo wanaoendesha hovyo. Lakini hata bingwa wa dunia alianguka. Tofauti ni alichokutana nacho chini.

Likizo iliyofuata kijiwe kilichangishana. Walichukua matairi saba ya lori kwa mziba pancha, wakayapaka rangi nyeupe na kuyapanga kwenye ile kona ya njia ya Ziba, vichaka wakavifyeka. Mawili yameshaibwa. Matano yapo, na usiku taa ikiyapiga unayaona kwa mbali.

Wanachuo wenzangu, tuna kona yetu pia: ile ya kutokea getini, ambapo boda wanaingia barabarani bila kuona gari linalotoka kushoto kwa sababu ya vibanda na mabango, yakiwemo mabango yetu ya uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Humu ndani kuna wanafunzi wa uhandisi, wa sheria na wa takwimu. Nimeongea na madereva watatu wa pale getini. Wako tayari kukaa nasi Jumamosi yoyote asubuhi, kabla abiria hawajawa wengi. Mabango tunaweza kuyatoa sisi wenyewe, hata leo.