Shida Inaanza Akishapona

Watu wakijua kwamba mimi ni muuguzi wa wagonjwa wa akili hapa Lubumbashi, swali lao la kwanza ni lile lile: "Hawakupigi?" Wanadhani ugumu wa kazi yetu uko mlangoni, pale kijana anapoletwa usiku na wajomba zake, mikono imefungwa kwa kitenge, akipiga kelele kwamba kuna mashine imetiwa kichwani mwake. Usiku huo si mgumu sana. Sindano ipo, kitanda kipo, na familia nzima iko tayari kutusikiliza. Kazi ngumu inakuja miezi mitatu au minne baadaye, mgonjwa analala vizuri, anakula bukari yake, anataniana na dada zake, na mama yake anajiuliza kwa nini aendelee kumnunulia vidonge mtu mzima wa afya. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Ninaozungumzia hasa ni wagonjwa wa skizofrenia. Si ugonjwa wa ajabu wala wa ukoo fulani tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 24 wanaishi nao, yaani karibu mtu 1 kati ya 300, kwa weusi na weupe, mjini na kijijini. Ubaya wake mmoja ni umri unaouchagua. Huanza mara nyingi kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, kwa wavulana mapema zaidi kuliko wasichana. Huo ndio umri ambao mzazi ameshamaliza kulipa minervali, yaani karo, ya miaka yote, mtoto amepata diploma ya Serikali, na ndugu wameanza kumtegemea.

Mara nyingi hauanzi kwa kelele. Kijana anaacha kwaya bila kusema sababu. Haogi. Anakesha akitembea uani, mchana analala. Anakaa na chakula mbele yake bila kukigusa, au anataka ale kile alichopika mwenyewe tu. Wazazi wanasema ni bangi, au ni msichana aliyemwacha, na wakati mwingine wamesema kweli. Miezi inapita hivyo. Kisha zinakuja sauti. Wagonjwa wangu wamenieleza sauti zinazomzungumzia mtu kana kwamba hayupo: "Mwangalie, sasa anafunga mlango, sasa anaogopa." Kwa mmoja zilikuwa zinasema Kiluba cha babu yake aliyefariki, kwa mwingine Kifaransa cha mwalimu. Pamoja na sauti huja imani ambayo hoja yoyote haiitikisi, nayo huvaa nguo za mji anamoishi mtu. Hapa kwetu nimesikia habari za kampuni ya madini iliyozika waya chini ya nyumba, za simu inayosoma mawazo, za jirani anayetuma radi. Mzungu wa Ulaya angetaja majasusi. Ugonjwa ni ule ule.

Kuna upande mwingine ambao watu hawauoni kama ugonjwa: uso usioonyesha kitu, maneno machache, kukosa hamu ya jambo lolote. Sauti zimenyamaza, lakini kijana anakaa kwenye kiti kutwa nzima. Familia inaita uvivu. Niseme ukweli, kwa upande huu dawa zetu zinasaidia kidogo, na hakuna matusi yaliyowahi kumwinua mgonjwa wa namna hiyo kwenye kiti.

Jambo moja ninalirudia kwa kila anayenisikiliza: si kila anayeongea peke yake ana skizofrenia. Malaria iliyopanda kichwani, Ukimwi, kaswende ya zamani, kifafa, pombe ya lutuku iliyonywewa miaka mingi, hata homa kali baada ya kujifungua, vyote vinaweza kumfanya mtu aonekane kichaa. Ukichaa ulioanza juzi pamoja na homa ni dharura ya hospitali kubwa, kama Sendwe, na haufai kusubiri hata usiku mmoja katika chumba cha maombi. Ndiyo maana tunatoa damu kwanza. Skizofrenia haisemwi kwa siku moja. Tunatazama dalili zimedumu muda gani, na zilianzaje.

Nimetaja chumba cha maombi. Wagonjwa wengi wanapofika kwetu wamekwisha kupita kwa munganga wa kienyeji na kwa pasta, na fedha zimekwisha huko. Baba mmoja alikaa mbele yangu, kofia mkononi, akasema: "Docta, mutoto balimuloga ku kazi." Sikubishana naye. Wenzangu wachanga hupenda kumweleza mzazi habari za ubongo hapo hapo, kwa michoro, na mzazi huitikia kwa heshima kisha harudi. Mimi nafanya biashara na familia. Aombewe jioni, ameze kidonge usiku. Mafuta ya pasta apakwe. Ila mambo mawili siyakubali: kumfungisha chakula, maana mwili usiokula hauna nguvu ya kupona, na kumfunga mnyororo. Mapasta kadhaa wa makanisa ya uamsho sasa wananiletea watu wao wenyewe. Aliyeloga na aliyeponya, hilo watalimaliza kwao. Ninachotaka ni mgonjwa asiachwe bila dawa.

Kuhusu mnyororo, tusijidanganye kwamba ni aibu ya Afrika peke yake. Kituo cha wagonjwa wa akili cha Mabruda wa Upendo hapa mjini kinaitwa kwa jina la daktari Joseph Guislain, na wengi wanaopita mlangoni hawajui alikuwa nani. Alikuwa Mbelgiji wa mji wa Ghent. Wagonjwa wa huko walikuwa wamewekwa katika chumba cha chini cha ngome ya kale, wengine kwenye pingu. Padri Petrus Jozef Triest, aliyeanzisha shirika la Mabruda mwaka 1807, alishirikiana na Guislain, ambaye mwaka 1828 alikuwa mganga mkuu wao, kuwatoa katika hali hiyo. Hospitali iliyojengwa kwa mawazo ya Guislain ilifunguliwa mwaka 1857. Siku zetu hizi, fundi matairi kutoka Benin, Grégoire Ahongbonon, ambaye si daktari, ameifanya kazi hiyo hiyo tangu Bouaké, nchini Côte d'Ivoire, akiwakatia watu minyororo vijijini. Guislain hakuwa na dawa ya kuwapa. Ahongbonon anazo.

Dawa hizo si za zamani sana. Largactil ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris. Haldol ilitoka Ubelgiji mwaka 1958, katika maabara ya Paul Janssen. Hadi leo ndizo zinazobeba kazi kubwa katika hospitali zetu, kwa sababu zinapatikana na bei yake inafikika kuliko za kisasa. Zinapunguza nguvu ya kemikali moja ya ubongo iitwayo dopamini. Usingizi na utulivu huja ndani ya siku chache, sauti huhitaji majuma kadhaa kufifia, na kwa wengine hazinyamazi kabisa. Zinabaki mbali, kama redio ya jirani, na mtu anajifunza kuendelea na kazi yake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Kwa nini watu wanaziacha?

Umaskini ni sababu, lakini si ya kwanza. Ya kwanza ni mambo ambayo mgonjwa haambiwi anapopewa kidonge. Kijana wa kiume anayeanza Haldol anaweza, katika siku za mwanzo, kupindwa shingo ghafla, macho yakageukia juu, ulimi ukatoka nje. Nimeona familia nzima ikipiga magoti uani juu ya mtoto aliye katika hali hiyo. "Ile dawa yenu njo iliita shetani," shangazi yake aliniambia. Ilikuwa misuli tu. Sindano moja ya kuilegeza ilimrudisha ndani ya nusu saa, na shangazi aliona kwa macho yake. Tangu hapo kabla sijatoa kidonge cha kwanza naeleza jambo hili mbele ya ndugu wote, na naonyesha kwa shingo yangu mwenyewe. Wanacheka. Wakishacheka wanakumbuka.

Mengine hayachekeshi. Mgonjwa anashindwa kukaa, miguu inamtembeza bila kutaka, naye anasema ni wasiwasi wa ugonjwa kumbe ni dawa. Mwanamke anakosa hedhi, anadhani ana mimba, au mama mkwe anadhani hivyo, na inazuka kesi ndani ya nyumba. Mwanamume anashindwa kitandani, hamwambii mtu, anatupa vidonge chooni. Huyu ndiye asiyenirudia kamwe ikiwa sikumuuliza mwenyewe, tukiwa wawili, mlango umefungwa. Largactil inafanya ngozi iungue upesi juani, na mgonjwa wangu anauza mkaa kando ya barabara huko Katuba tangu asubuhi. Olanzapini, ambayo ni ya kisasa zaidi, inatia njaa kubwa. Katika nyumba inayokula mara moja kwa siku, mtu aliyepona lakini anataka sahani ya pili ni mzigo, na hilo huwezi kulisoma katika vitabu vilivyoandikwa Ulaya. Karibu yote hayo yana njia: kupunguza dozi, kubadili dawa, kuongeza kwa muda Artane, kidonge cha kulegeza misuli, kofia pana. Lakini lazima mtu aseme, na lazima sisi tuulize.

Halafu kuna mtego wa kupona kwenyewe. Mgonjwa akiacha vidonge leo, kesho hawi kichaa. Anaweza kukaa majuma, hata miezi kadhaa, akiwa vizuri. Pengine vizuri kuliko alivyokuwa, maana uzito wa dawa umemwondoka, mate hayamtoki, anaamka mapema. Familia inapata ushahidi wake: mnaona, alikuwa haihitaji. Pasta anatoa ushuhuda mbele ya waumini. Ugonjwa unaporudi, hakuna anayekumbuka vidonge vilivyoachwa wakati ule wa mvua. Wanatafuta kilichotokea juma lililopita: ugomvi, kilio cha msiba, jirani aliyeleta maboga. Wanaanza upya kwa munganga. Tunakuja kumpata tena baada ya mwaka, na anayerudi si yule aliyeondoka. Kila anguko linachukua kitu. Linachukua mtihani wa chuo kikuu cha UNILU, linachukua ndoa, na mara nyingine dawa ile ile iliyomtuliza mwanzo sasa inahitaji muda mrefu zaidi.

Baada ya anguko la kwanza tunaomba mwaka mmoja hadi miwili ya dawa bila kukatiza. Kwa aliyeanguka mara kadhaa tunazungumza habari ya miaka mingi, pengine maisha yote. Kwa asiyeweza kumeza kila siku kuna sindano ya mwezi: Modecate, au Haldol ya mafuta. Naipenda kwa sababu isiyo ya kitabibu: inaondoa ule ugomvi wa kila jioni, mama akimfungulia mwanawe mdomo kuona kama amemeza. Mgonjwa anarudi kuwa mtoto wa nyumba, si mfungwa wa mama yake.

Na nyumba ina nguvu kuliko tunavyofikiri. Mtafiti Mwingereza George Brown na wenzake walionyesha, tangu karne iliyopita, kwamba mgonjwa anayerudi katika nyumba ya lawama na makelele huanguka upesi kuliko yule wa nyumba tulivu. Parseli zetu katika komini za Kenya na Kamalondo hapa mjini zina familia tatu au nne kwenye ua mmoja, utulivu haununuliki. Lakini inawezekana kumwondolea mtu neno "kichaa" mdomoni mwa watoto. Inawezekana kutobishana na sauti zake na pia kutozikubali: "Mimi sizisikii, ila naona zinakutisha." Inawezekana kumpa kazi ndogo inayojulikana kuwa yake, kuteka maji, kulinda meza ya maandazi. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani, ambao ulihusisha Ibadan huko Nigeria, ulidokeza kwamba wagonjwa wa nchi maskini hupata nafuu zaidi kuliko wa nchi tajiri, kwa sababu ya ndugu wengi. Baadaye wataalamu wameubishia. Mimi siutumii kama faraja, maana nawaona pia wale ambao ndugu wamechoka nao, wanalala sokoni, wanawake miongoni mwao wakibeba mimba ambazo hakuna anayeuliza zilitoka wapi. Wagonjwa wa skizofrenia wanaogopwa kama wapigaji. Mara nyingi zaidi wao ndio wanaopigwa.

Kwa hiyo nawaomba nyinyi mlio na mgonjwa nyumbani jambo moja tu. Akipona, mlete. Mlete akiwa ameoga, anazungumza, anauliza maswali yake mwenyewe, hata swali la kuacha dawa. Hatutamkasirikia. Dozi inaweza kushushwa, lakini inashushwa kidogo kidogo kwa miezi, na lazima awepo mtu anayejua dalili za kwanza za kurudi kwa ugonjwa: usiku mbili tatu bila usingizi, chakula kinachotiliwa shaka, mlango unaofungwa mchana. Ukiziona hizo, usingoje Jumapili. Njoo siku hiyo hiyo.