Bulla Pesa, ambako mvua ni mahubiri

Ukitoka Nanyuki kwenda Isiolo, usilale garini. Pale Timau utaona mashamba ya ngano na utafunga vifungo vya koti. Ukipita Subuiga barabara huteremka, koti hugeuka mzigo, na kabla hujamaliza kulikunja, migunga na vumbi vimekwisha kukupokea. Umefika Isiolo, mji ulio kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mlango wa kaskazini mwa Kenya.

Mimi nilifikia Bulla Pesa, mmoja wa mitaa ya mji huo. Hapa Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru ni majirani. Alfajiri utaamshwa na adhana, na Jumapili utasikia kwaya za makanisa. Lakini liko jambo moja ambalo wote hulitazama kwa jicho moja, nalo ni mawingu.

Ilikuwa Oktoba, mwezi wa kungojea mvua za vuli. Mama mwenyeji wangu, Mturkana na Mkristo, alikuwa akitoka nje kila asubuhi kuutazama Mlima Kenya kabla hata hajawasha moto.

"Mlima ukijifunika, mwanangu, tunatumaini," aliniambia. "Ukibaki uchi, tunaomba."

Somo la jiografia lina maelezo yake. Pepo zenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, zikapanda Mlima Kenya na vilima vya Nyambene, zikapoa na kumwaga mvua upande wa Meru. Zinapoteremka Isiolo huwa zimekauka. Ndiyo sababu kule watu huchuma majani chai, na huku hufuga ngamia na mbuzi. Lakini mlima huohuo unaozuia mvua ndio unaotuma mito. Ewaso Ng'iro hupata sehemu ya maji yake huko juu na kuyapeleka nyikani. Kujua hayo hakukunipunguzia mshangao, bali kulinizidishia.

Jioni moja nilimwuliza mama swali gumu. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini mwa Kenya. Ukame huo ulikuwa mbaya kuliko wowote katika miaka 40, na mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini. Uwezo wa Mungu ulikuwa wapi?

Hakujibu upesi. Mbuzi wake wote walikwisha wakati huo.

"Nisikudanganye," alisema mwishowe. "Niliacha kuimba kanisani. Nilikwenda, nikaketi, nikanyamaza. Lakini jirani yangu huyu Mwislamu alikuwa na tangi. Kila alipopata maji alinipa mitungi miwili, na sikuwa na cha kumlipa. Nikasema, Mungu hakuniletea wingu, ameniletea jirani."

Kisha ikaja El Niño mwishoni mwa 2023. Mvua iliyoombwa kwa machozi ikashuka kwa vishindo na kuleta mafuriko. Watu walewale walioomba inyeshe wakaomba ipungue. Safari hii maji yaliingia nyumbani kwa yule jirani, na watoto wake wakalala kwa mama.

Yesu alifundisha kwamba Baba wa mbinguni huwanyeshea mvua wema na wabaya pia. Mimi niliyezoea maji ya mfereji nilidhani fundisho hilo nalielewa. Bulla Pesa nilielewa kwamba majira yako mikononi mwa Mungu, wala hatuna amri juu yake. Tuliloachiwa sisi ni mtungi, na uamuzi wa kumgawia jirani au kumnyima.

Usiku wa kuamkia Jumapili niligutushwa na kishindo juu ya mabati. Ilikuwa mvua! Nje, gizani, milango ilifunguliwa huku na huku; sufuria, ndoo na mabeseni yakatolewa. Mmoja alimshukuru Mungu kwa Kiborana, mwingine kwa Kiturkana, na watoto wakacheka tu.

Asubuhi mlima ulikuwa umejifunika. Nilimfuata mama kanisani, matope yakiwa yametuganda viatuni. Kwaya ilipoanza, nilimtazama kwa pembe ya jicho. Alikuwa akiimba.

Nawe msomaji, mvua itakapokuchelewesha kituoni mjini kwako, kabla hujanung'unika, mkumbuke anayetazama mlima.