Kupikia kwa kanyanga: faida na hatari



Kanyanga tunaijua hapa Kashebere. Wengine wetu tunaipika na kuiuza ili tulipe minervali ya watoto. Kupikia chakula kwa kanyanga hatukuwa tumewaza, mpaka mwenzetu mmoja alipotoka Nairobi. Alitueleza kwamba kule wamama wengi walipikia bioetanoli, ni pombe kali ya kuwasha, si ya kunywa, ndani ya mbabula iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Tukajaribu na kanyanga ya kwanza, ile kali, ndani ya kopo. Kweli, hakuna moshi. Macho hayakuwasha, sufuria haikushika masizi, na siku hiyo hakuna aliyeingia porini kutafuta kuni.

Kisha moto ukaonekana kama umezimika. Mmoja wetu akaongeza kanyanga kwa chupa. Kumbe ulikuwa ungali unawaka: mchana moto wa pombe hauonekani vizuri. Ukapanda mpaka mkononi mwake, na mtoto yuko mgongoni. Tulimwagia maji, ukazima, tukaendelea kuupoza mkono dakika 20.

Tumekubaliana: bila mbabula yake, kanyanga haiingii jikoni. Hata mbabula hizo zikifika, tutajaza ikiwa imepoa kabisa, watoto mbali, na tutapika dirisha wazi. Tena tutajiuliza: mihogo na mahindi ni ya moto ao ya tumbo? Kwa sasa tunakausha kuni vizuri, na makala tunayatia katika mbabula ya udongo, inayokula kidogo.