Shuka Zilizonuka Moshi

Kila shuka niliyofua Agosti ya 1988 ilitoka mashineni ikinuka moshi. Tulizirudia mara mbili, tukaongeza sabuni, wapi. Moshi ulikuwa umeshaingia kwenye mito, kwenye mikate, kwenye nywele zetu. Nilikuwa mwanafunzi wa misitu huko Montana, na likizo ile nilipata kibarua cha udobi katika Old Faithful Inn, ile hoteli ya magogo iliyojengwa 1903 na 1904 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Yellowstone.

Moto wa porini haukuwa mgeni kwangu. Mimi ni mtoto wa Mugumu, pembeni mwa Serengeti. Baba alikuwa akiwasha majani mara tu mvua zinapokata, yakiwa na ubichi bado, moto unatambaa taratibu na kuacha mabaka. Usipochoma mapema, utaunguziwa Septemba: ndivyo alivyotulea. Kwa hiyo nilifika Marekani nikiwa na majibu kabla sijaulizwa.

Wenyewe walikuwa na utaratibu wao. Tangu 1972, moto ulioanzishwa na radi uliachwa ujiwakie ilimradi hautishii watu wala majengo. Mvua za Aprili na Mei zilinyesha vizuri mwaka ule, basi radi za Juni zilipoanza kuwasha hapa na pale hakuna aliyeshtuka. Kisha mbingu ikafunga. Kikawa kiangazi kikavu kuliko vyote vilivyowahi kuandikwa pale. Tarehe 21 Julai uongozi uliamuru kila moto uzimwe, na kesho yake, nje kidogo ya mpaka wa magharibi, mkata kuni akatupa kipande cha sigara. Ukazaliwa moto ulioitwa North Fork. Watu walikuja baadaye kulaumu sera ya kuacha moto uwake, lakini huu uliokuja kutufuata mlangoni haukuachwa hata siku moja. Ulipigwa vita tangu mwanzo, nao ukazidi kukua.

Jumamosi ya tarehe 20 Agosti upepo uliunguza zaidi ya ekari 150,000 kwa siku moja. Sisi tuliona anga tu, rangi ya chai ya rangi.

Zamu yetu ilifika tarehe 7 Septemba. Wageni wa hoteli waliondolewa asubuhi, sisi vibarua wachache tukabaki kusubiri usafiri. Alasiri jua liligeuka kaa la moto, halafu likapotea kabisa. Nikasikia mngurumo, nikadhani ni ndege. Ulikuwa moto wenyewe, unashuka kilimani upande wa magharibi, haukanyagi chini, unaruka kutoka kilele cha mti hadi kilele cha mti. Vijinga vilipita juu ya vichwa vyetu vikaangukia kwenye maegesho ya magari. Wazima moto walikuwa wanalowesha kuta, na mabomba ya kunyunyizia juu ya paa yanamwaga maji kama masika. Mwenzangu wa dobi, mama mmoja mtu mzima aliyenizidi karibu miaka thelathini, alinishika mkono hakuuachia. Katikati ya yote hayo, chemchemi ya Old Faithful ikaruka kwa saa yake, maji meupe juu ya weusi ule, na kulikuwa na watalii wanapiga picha. Naapa.

Upepo ukageuka kidogo kuelekea kaskazini-mashariki. Vibanda kadhaa viliteketea, hoteli ilibaki. Siku nne baadaye, tarehe 11, theluji ikaanguka. Wazima moto wapatao 25,000 walikuwa wamepishana pale msimu mzima, wanajeshi wakiwemo, na dola milioni 120 zilikuwa zimetumika. Kilichovunja nguvu ya moto ni milimita chache za mvua na theluji.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Msimu ule, kila aliyekubali kunisikiliza nilimpa hotuba. Hifadhi hii ilianzishwa 1872, ya kwanza ya aina yake duniani, kisha Washoshone, Wacrow na wengine waliokuwa wakiingia na kutoka humo wakasukumwa nje, kama Wamasai walivyohamishwa Serengeti mwaka 1959. Jeshi likaja 1886 likaanza kuzima moto. Mmewafukuza wenye moto wao, nikawaambia, mmerundika kuni miaka mia, mlitegemea nini?

Kuhusu kufukuzwa kwa watu sijabadili neno. Kuhusu kuni nilikosea. Profesa wangu alinipa kazi za William Romme, aliyesoma umri wa miti na makovu ya moto kwenye mashina ya Yellowstone. Alikuta kwamba mioto mikubwa namna hii ilipita mwanzoni mwa karne ya 18, zamani kabla ya mwanajeshi yeyote. Misonobari ile ya nyanda za juu si nyasi za Mugumu. Miaka ya kawaida moto huingia humo ukafa wenyewe: kati ya 1972 na 1987 mioto 235 iliyoachwa iwake iliunguza ekari 34,000 hivi tu. Halafu, baada ya karne mbili au tatu, ukame na upepo vinakutana, na hapo hakuna cha kuchoma mapema wala kuchelewa. Mwaka ule ziliungua karibu ekari 794,000 ndani ya hifadhi, zaidi ya theluthi yake.

Kiangazi cha 1989 nilirudi. Matunda magumu ya misonobari ile hufungwa kwa utomvu, na mengi hayafunguki mpaka joto kali liuyeyushe. Katikati ya mashina meusi miche ilikuwa imeota kama mchicha kwenye tuta.

Nikamwandikia Baba barua ya kurasa sita, na michoro. Nilimweleza habari za utomvu, makovu ya miti, helikopta, askari, mamilioni ya dola, na jinsi ambavyo mafunzo yake hayakufaa kule. Jibu lilichukua wiki saba. Alinisalimu, akanipa habari za ng'ombe na ada ya mdogo wangu, na chini kabisa, baada ya kuweka sahihi, akaongeza: "Kwa hiyo, mwanangu, watu wote hao walikaa wakingojea theluji."