Chupa Iliyoandikwa Daudi

Meno ya mdogo wangu yalianza kulegea mwaka 1969, akiwa na miaka 6. Kwetu Nyamahanga, kule Ngara inakopakana na Biharamulo, mtoto wa umri huo akilegea meno watu hucheka na kumwambia aende akayatupe juu ya paa. Yake yalikuwa magego. Nyumbani hakuna aliyeona tofauti, wala mhudumu wa zahanati aliyempa vidonge vya maumivu hakuiona. Wiki ya pili shavu likavimba. Wiki ya nne jicho la upande ule lilikuwa limesukumwa nje, kope hazifungi. Mama alimbeba mgongoni hadi barabarani, akapanda naye lori kwenda hospitali ya misheni, akarudi siku ya tisa na kitenge mkononi. Mimi nilikuwa na miaka 9. Nilikuwa nimemwekea mdogo wangu ndizi ya kuchoma.

Jina la ugonjwa ule nililipata miaka 14 baadaye, nikisomea udaktari Muhimbili. Mhadhiri alionyesha picha ukutani na nikamwona mdogo wangu: shavu lile, jicho lile, kwenye uso wa mtoto mwingine. Limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliieleza mwaka 1958, kisha mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari kuukuu kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi, wakisimama hospitali hadi hospitali kuuliza kama watoto wa hapo wanaota uvimbe wa taya. Haya niliyaandika kwenye daftari kwa mkono uliotulia. Lililonitoa darasani ni lile lililofuata: kwamba mwaka 1967 John Ziegler alifungua kituo Mulago ambako watoto wa namna hii walichomwa dawa ya saiklofosfamidi, uvimbe ukayeyuka ndani ya siku chache, na baadhi yao wakapona kabisa. Mwaka 1967! Na Kampala, kutoka kwetu mkoani Kagera, ni kuvuka mpaka wa Mutukula tu.

Mhadhiri alinifuata nje. Hakunipa pole. Aliniambia jambo ambalo limeniongoza maisha yangu yote ya kazi: kwamba miongoni mwa watoto waliotibiwa Uganda na Kenya walikuwapo waliopona kwa dozi ndogo mno, dozi ambayo kwa hesabu isingetosha kuua seli zote za uvimbe. Dawa ilianza, kitu kingine ndani ya mwili kikamalizia. Nilitaka kukijua kitu hicho.

Ndiyo maana mwaka 1989 nilijikuta Stockholm, kwenye theluji, mwanafunzi katika Taasisi ya Karolinska. Muhimbili na Karolinska walikuwa tayari wanashirikiana katika utafiti wa UKIMWI, na njia ile ndiyo iliyonifikisha. George na Eva Klein walikuwa wameijenga pale shule nzima ya kuchunguza jinsi kinga ya mwili inavyopambana na saratani, na sehemu kubwa ya mali ghafi yake ilitoka kwetu. Miaka ya 1960 Peter Clifford, daktari wa upasuaji wa Hospitali ya Kenyatta, alikuwa akikata vipande vya uvimbe wa watoto jijini Nairobi na kuvipeleka Sweden kwa ndege.

Wiki yangu ya kwanza maabara, fundi alifungua kabati la joto la nyuzi 37, akatoa chupa bapa yenye maji mekundu na kuniwekea mezani. Juu yake pameandikwa kwa wino mweusi: Daudi.

Nilidhani ni jina la mwanafunzi mwenzangu. Akaniambia hapana, ni seli. Zilitoka kwenye uvimbe wa kijana wa Kenya, zikaanza kukuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960, na hazijaacha kugawanyika tangu hapo. Ziko Marekani, ziko Japani, ziko kila mahali panapochunguzwa kinga. Nilikaa na chupa ile mkononi. Daudi ni jina la kuitwa ukatumwe dukani.

Nikajifunza kazi kwa seli za Daudi. Unazilisha kromiamu yenye mionzi, kisha unaziweka pamoja na chembe nyeupe za damu ya mtu mzima mwenye afya. Seli ya saratani ikiuawa, inapasuka na kuachia kromiamu, nawe unapima iliyovuja. Chembe nyeupe za kawaida zilikuwa haziwezi kumgusa Daudi. Ukiziloweka siku chache katika intalukini-2, protini inayochochea kinga, zinamvamia. Kipimo hiki, kwa seli hizihizi, ndicho kilichotumika duniani katika miaka ya 1980 wakati Steven Rosenberg alipoanza kuwatibu wagonjwa wa Marekani kwa chembe zao wenyewe zilizonolewa nje ya mwili.

Na Daudi ana siri nyingine. Karibu kila seli yetu hubeba juu yake kitu mfano wa kitambulisho, ambacho askari wa kinga, seli T, hukisoma ili kujua kama ndani kuna adui. Seli za Daudi hazina kitambulisho hicho. Herufi moja katika jeni ya protini ndogo iitwayo beta-2 mikroglobulini imebadilika, kitambulisho hakisimami, na seli T inapita kana kwamba haijaona mtu. Miaka mingi tuliliona jambo hili kama kasoro ya chupa moja. Kisha zikaja dawa zinazoziondolea seli T breki, zile zilizowapa James Allison na Tasuku Honjo Tuzo ya Nobel mwaka 2018, na mwaka 2016 watafiti waliochunguza mgonjwa ambaye dawa ya namna hiyo ilimpa nafuu kisha ikashindwa, wakakuta saratani yake imepoteza protini ileile. Niliisoma makala hiyo Mwanza, saa nne usiku, na nikatamka jina la Daudi kwa sauti.

Nilikuwa nimerudi Tanzania zamani, nikakaa Mwanza. Nilitaka kujua kwa nini kinga ya watoto wetu inashindwa mapema hivi, maana virusi vya Epstein-Barr, vinavyochangia uvimbe huu, karibu kila mtoto wa kwetu anavipata akiwa mdogo, na wengi hawaugui. Kwa miaka kumi nilikusanya damu ya watoto wa vijiji vyenye malaria nyingi. Kisha umeme ukakatika siku tatu, jenereta haikuwaka, na friza ikayeyuka na mirija yote. Naitaja kwa sababu ilikuwa damu ya watoto walionyoosha mkono kwa kuniamini. Jibu walilipata wenzetu huko Kenya mwaka 2007, kwa kulinganisha watoto wa Kisumu, penye malaria mwaka mzima, na wa Nandi, ambako ni haba: kati ya miaka 5 na 9, umri uleule wa uvimbe, seli T za watoto wa Kisumu zilikuwa zimelegea mbele ya virusi hivyo. Nilifurahi kwa dhati. Chandarua nacho ni silaha dhidi ya saratani. Nimelisema hilo kwenye kila mkutano wa kijiji niliopewa nafasi.

Leo kuna rituksimabu, kingamwili inayoshika alama iliyo juu ya seli za limfoma. Daudi ameipima mara nyingi kuliko mgonjwa yeyote. Mwaka 2020 ilichapishwa kwamba watoto wenye limfoma kali za aina hii, wakiongezewa dawa hiyo juu ya matibabu ya kawaida, karibu 94 kati ya 100 walikuwa salama baada ya miaka mitatu. Kwa nini mtoto wa Biharamulo awe wa mwisho kuipata, nilikwisha kuacha kuuliza kwa upole.

Nilistaafu 2020 nikarudi Nyamahanga. Kila mwezi nakaa na wahudumu wa zahanati za jirani na somo langu ni moja: mtoto, magego yanalegea, hakuanguka, usimpe vidonge umrudishe nyumbani. Uvimbe huu unaweza kujizidisha maradufu kwa siku moja au mbili.

Mwaka jana mhudumu mmoja alinipigia jioni. "Shikamoo, mama. Nina mtoto wa miaka 5, magego mawili."

"Marahaba. Amevimba?"

"Bado kidogo sana."

Tulipanda basi la alfajiri kwenda Mwanza, mimi, mtoto na mama yake. Busisi hatukusubiri kivuko. Daraja lilikuwa limefunguliwa Juni, kilomita tatu juu ya maji, na mtoto alisimama kwenye kiti kulitazama ziwa. Hospitali ya Bugando walimkata kipande cha uvimbe siku ya pili. Nilimweleza mama mtu kitakachofanywa na kile kipande, nikamwomba ridhaa, kisha nikaomba kalamu nikaandika jina la mwanawe kwenye chupa kwa mkono wangu.

"Majibu yatarudi lini?" akauliza.

"Ijumaa."

Yalirudi Alhamisi. Dripu ya kwanza iliwekwa jioni ileile.